Mwaka wa Nakala Mbili

Kwenye mazishi ya Mzee Lugome kila aliyesimama kuzungumza alisema marehemu hakuwa mtu wa woga. Alisema hivyo katekista, akasema mwenyekiti wa kitongoji, akasema na mkwewe aliyetoka Morogoro. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na akina mama, nikala wali wa msiba na maharage, nikanyamaza, kwa sababu msibani si mahali pa kubisha. Lakini kubisha ndiyo tabia yangu tangu usichana, na njia nzima ya kushuka kutoka milimani kwao hadi Mikumi nilikuwa nabisha peke yangu ndani ya gari. Mzee Lugome alikuwa mwoga. Alikuwa mwoga kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, ukiniondoa mimi mwenyewe. Mwaka ule mmoja tuliofanya kazi pamoja Kilosa, tuliogopa kila mmoja kivyake, bila kuambiana, na kule kutoambiana nusura kuwapokonye ardhi watu ambao hawakujua hata kama tunaogopa.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinauzwa: viwanda, maduka ya ushirika, hata yale mashamba ya mkonge yaliyokuwa yamelala porini upande wa Rudewa na Kimamba. Neno “mwekezaji” lilikuwa bado jipya mdomoni. Kwenye kibanda cha mama lishe karibu na stesheni ya Kilosa, nilipokuwa nakula ugali na kisamvu, nilisikia wanaume wakilibishania. “Mwekezaji ni mzungu,” alisema mmoja. “Hapana, hata Mswahili anaweza, bora awe na gari,” alijibu mwingine. “Basi mimi ni mwekezaji, nina baiskeli,” akasema wa tatu, wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa najua kilichokuwa kinakuja. Shamba moja karibu na Kimamba lilikuwa linauzwa kwa kampuni. Ndani ya shamba hilo kulikuwa na kambi za zamani za manamba, wale vibarua walioletwa kwa mkataba kukata mkonge, na watoto na wajukuu wao walikuwa wamebaki humo wakilima mahindi na ufuta. Kamati ingekuja kuamua nani abaki. Aliyeorodheshwa na kupimiwa eneo lake, eneo hilo lingekatwa kutoka kwenye mauzo. Asiyeorodheshwa angehesabiwa mvamizi.

Mradi uliotuajiri ulikuwa mdogo. Mzee Lugome, mpima ardhi mstaafu, ndiye aliyeongoza upimaji kule kambini, na nyumbani kwake kulikuwa Mikumi. Mimi nilikaa Kilosa kuingiza vipimo kwenye kompyuta. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha duka la zamani, kuta nene, madirisha ya mbao, darini popo. Mchana kulinuka kinyesi chao na vumbi la reli. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya mninga, imefunikwa kitambaa, na chini yake stabilaiza ya kutuliza umeme iliyokuwa ikinguruma kama mtu mwenye pumu. Watu walikuja kuichungulia tu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu ninayejua kuiamrisha mashine ile, na nilijiona sana. Niliuliza kila kitu: kwa nini kamati iteuliwe Dar es Salaam, kwa nini kampuni iwe na mwakilishi na kambi zisiwe naye, kwa nini tupime kwa futi kamba iliyochakaa. Mzee Lugome alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, “Umemaliza? Haya, andika.”

Woga ulianza siku fomu zilipoondoka. Vipimo vyote vilikuwa vimejazwa kwenye fomu zenye sahihi na dole gumba. Ofisi ya kampuni iliomba zile nilizokwisha kuingiza, kwa siku chache, kwa uhakiki, na mkuu wetu aliyekuwa Morogoro akaruhusu. Wiki ikapita, ikaja nyingine. Kila tulipouliza tuliambiwa zinahakikiwa. Kisha siku moja akaja mwakilishi wa kampuni mwenyewe, mtu wa makamo, mpole, aliyevaa viatu visivyo na vumbi. Aliniletea soda. Akaiwekea mkono kompyuta yangu, taratibu, kama anayempapasa ng'ombe anayetaka kumnunua.

“Kwa hiyo yote yamo humu?”

“Yamo.”

“Hongera. Na huu mgao wa umeme hauwasumbui?”

Nikasema hausumbui. Alipoondoka niliimwaga ile soda nje, halafu nikajicheka, halafu nikafunga mlango kwa komeo saa saba mchana.

Sasa niseme nilivyokuwa nalinda yale mafaili, maana kijana wa leo anadhani vitu hujihifadhi vyenyewe. Kompyuta ile haikuwa na picha za kubofya. Kioo kilikuwa cheusi na herufi za kijani, na kila unalotaka unaliandika kwa amri. Kila safu ya nyumba za kambi ilikuwa na faili lake. Ukiligusa faili, ukaongeza mtu au kurekebisha kipimo, mashine inalibandikia alama isiyoonekana, kama kusema hili limebadilika. Kila Ijumaa alasiri niliandika amri iitwayo xcopy, pamoja na herufi moja mwishoni iliyoiambia mashine mambo mawili: chukua yale yenye alama tu, na ukishayanakili yabandue alama. Disketi ikijaa unatia nyingine, unarudia amri ile ile, na mashine inaendelea pale ilipoishia. Nakala ya kila kitu niliifanya mara moja tu, mwanzoni. Baada ya hapo nilichukua mabadiliko ya wiki peke yake, kwa sababu disketi ziliagizwa kutoka Morogoro na zilifika chache, nyingine zimepinda kwa joto la basi. Ni njia nzuri. Hata leo siioni kosa. Inataka jambo moja tu: mtu anayenakili awe mmoja.

Mzee Lugome alikuwa akija kila Jumatano kwa pikipiki ya mradi, amejaa vumbi la barabara ya Mikumi hadi kwenye kope. Mara chache alikuwepo hata Ijumaa, na hapo alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai, akitazama.

“Sasa hapo unaiambia nini?”

“Naiambia inakili, mzee.”

“Ikikataa?”

“Haikatai.”

“Kila kitu hukataa, binti.”

Nilikuwa nikiandika, nasikia nyuma yangu midomo yake inacheza. Nilidhani anasali. Alikuwa Mwanglikana wa shule za misheni, mtu wa kusali hata kabla ya kuwasha pikipiki, kwa hiyo sikushangaa. Wala sikushangaa kwamba Jumatano, nilipokwenda kula, yeye hakutoka. “Nenda ukale, mimi nitanyoosha mgongo,” alikuwa akisema. Mtu ametoka Mikumi alfajiri na hataki kula. Mimi niliyejiita mhoji wa kila kitu hilo sikulihoji.

Ijumaa moja, wiki moja kabla ya kamati kuja, niliandika amri yangu na mashine ikanipa faili mbili. Wiki ile Jumatatu na Jumanne nilikuwa nimeingiza Kambi ya Tatu yote, jina kwa jina, na fomu zake, kwa amri ya Morogoro, zikafuata nyingine. Kambi ya Tatu haikuwemo. Nikarudia amri. Mashine ikasema hakuna cha kunakili. Nikaangalia faili lenyewe, lipo, majina yapo, lakini alama haipo. Nilikaa nimeshika pembe ya meza. Alama haijibandui. Kuna mtu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, ameandika amri yangu, amechukua Kambi ya Tatu na kuondoka nayo. Funguo za ofisi zilikuwa mbili: yangu na ya Mzee Lugome. Nikakumbuka Jumatano zile zote za kunyoosha mgongo. Nikamkumbuka mtu wa viatu visivyo na vumbi. Nilinyoosha mkono kuchukua disketi nyingine ili nilinakili faili lile kwa nguvu, alama au hakuna alama, na hapo hapo kioo kikazima. Mgao. Popo wakaanza kulia darini, na mimi nikabaki gizani mchana kweupe, madirisha yamefungwa.

Umeme haukurudi siku ile wala kesho yake. Jumamosi nilipanda baiskeli hadi kambini, sijui kutafuta nini. Nadhani nilitaka kumwona mtu mmoja wa Kambi ya Tatu kwa macho, nihakikishe hajafutika. Nilifika kwa Mama Sikudhani, mjane ambaye babu yake aliletwa kama namba kukata mkonge, na ambaye chumba chake kilikuwa kimoja kati ya vile vyumba vya mawe vilivyounganishwa safu nzima kama mabehewa. Alinipa ugali na mlenda. Wanawake wa safu ile walikuwa wakipeta ufuta barazani, wanaongea kama sipo.

“Mimi wakinitoa hapa naenda wapi? Kwetu nako sikujui.”

“Wewe huna kwetu, wewe ni wa mkonge.”

“Mkonge nao unauzwa, shoga.”

Mama Sikudhani hakucheka nao. Alinisogezea sufuria.

“Wewe msomi. Mimi nimo?”

“Umo, mama.”

“Humo kwenye mashine?”

“Umo.”

“Basi kula, mbona huli?”

Sikuweza kumeza. Nimesoma mengi tangu wakati ule juu ya ubinafsishaji, nimekaa kwenye makongamano na kusikiliza hoja za pande zote, nyingine za maana kabisa. Lakini kila nikisikia neno hilo, ninachokiona ni mlenda unavutika kutoka kwenye kijiko na mwanamke ananitazama koo.

Umeme ulirudi Jumatatu, nikiwa ofisini nasubiri. Sikuwa nimewasha hata kompyuta. Nilikuwa nimeinama kuchomoa waya, maana nilijua umeme ukirudi hurudi kwa hasira. Nilichelewa kwa kiasi cha kupiga chafya. Balbu ikawaka nyeupe, ikapasuka. Stabilaiza ikalia sauti moja nyembamba, na kutoka nyuma ya mashine kukatoka harufu ya plastiki inayoungua. Fundi redio wa sokoni aliifungua, akaipuliza, akaifunga tena. “Hii, dada,” alisema, “ombea ile nyingine.” Hapakuwa na nyingine.

Zilibaki disketi zangu. Kompyuta ya karibu niliyoijua ilikuwa Mikumi, kwenye kambi ya watafiti wa wanyama ukingoni mwa hifadhi, na aliyekuwa anajuana nao ni Mzee Lugome. Nilimpelekea salamu kwa dereva wa basi, na kesho yake nikapanda basi hilo, disketi ndani ya kikapu, kikapu mapajani. Barabara ile sikumbuki hata mti mmoja. Nakumbuka nilivyokuwa nawaza: naibeba nakala ya pekee iliyobaki, naipeleka mikononi mwa mtu ninayemshuku. Yeye alinisubiri kituoni. “Shikamoo mzee.” “Marahaba, mwanangu. Leta kikapu.” Nikasema nitakibeba mwenyewe. Akanitazama, akawasha pikipiki.

Kambi ya watafiti ilikuwa nyumba ya mabati, jenereta nyuma, nyani juu ya paa. Mtafiti mwenyeji alituonyesha kompyuta, akatuachia. Nikarudisha kwanza ile nakala kamili ya mwanzo, kisha disketi za kila Ijumaa, moja baada ya nyingine. Si Kambi ya Tatu tu. Kila kambi ilikuwa na matundu. Yale niliyoyaingiza Alhamisi na Ijumaa yalikuwepo. Ya mwanzo wa wiki, kwa majuma mengi, hayakuwepo. Kambi ya Tatu haikuwa na hata jina.

“Tatu vipi?” aliuliza Mzee Lugome nyuma yangu.

“Haimo.”

Nilitaka kumuuliza, na ulimi haukunyanyuka. Mtu unayempa shikamoo kila mkionana unamwanzaje swali kama lile? Kuihoji serikali ilikuwa rahisi zaidi. Mwishowe nilisimama, nikamgeukia, nikasema tena, ingawa tulikwisha kuamkiana:

“Shikamoo, mzee.”

Akaelewa kwamba kuna jambo. “Marahaba. Sema.”

“Jumatano mchana, ukibaki ofisini, unafanya nini?”

Alichukua kofia yake, akatoka, na nikasikia pikipiki inawaka na kuondoka. Nyani mmoja akashuka dirishani akanikodolea macho. Nilibaki pale na jenereta inayonguruma, nikiamini kwamba nimemfukuza mwizi, kwamba sasa hivi yuko njiani kumwambia yule bwana wa soda kuwa tumejua, na kwamba mimi ni msichana peke yangu, ukingoni mwa pori, ambaye hakuna mtu Kilosa anayejua alipo. Nilichomoa disketi zangu zote nikazirudisha kikapuni. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikipima kama naweza kutembea hadi barabara kuu bila kukutana na tembo, pikipiki iliporudi.

Alikuwa ameshika kopo la maziwa ya unga. Akalifungua mezani. Lilikuwa limejaa mchele, na ndani ya mchele, zimesimama kama samaki waliokaushwa, disketi.

“Mchele unakausha unyevu,” alisema. “Nilikuwa natazama vidole vyako. Nikajifunza hiyo amri herufi kwa herufi, nikawa naisema moyoni mpaka ikakaa.”

“Mzee! Si ungeniuliza?”

“Nikuulize wewe? Kitinda mimba wangu anakuzidi umri.” Akafuta mchele kwenye meza kwa kiganja. “Na tena nilikuogopa. Binti wa chuo, anahoji kila kitu, yule bwana anakuja kumletea soda. Nikasema huyu atauza. Bora iwepo nakala nyingine asiyoijua.”

“Mimi nilidhani wewe ndiye uliyeuza.”

“Mimi?” Akakaa. “Eti mimi?” Na sijui nani alianza, lakini tulicheka, kicheko kibaya, cha watu ambao bado wanaogopa. Kisha nikamweleza habari ya alama. Kwamba amri ile hainakili tu, inafuta nyuma yake. Kila Jumatano alikuwa akizoa mwanzo wa wiki na kuniachia mwisho wake, na kila Ijumaa mimi nilikuwa nikimfanyia vivyo hivyo. Kila mmoja wetu alikuwa amelinda nusu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, lakini safari hii hakusema andika. Aliziweka disketi zake kwenye mstari mmoja kufuata wiki, akanisogezea kikapu changu ili nipange zangu katikati yake.

Tulizirudisha hivyo, kwa zamu, ili la karibuni lisifunikwe na la zamani. “Yangu,” alisema, ananipa. “Yangu,” nasema, naingiza. Yake, yangu, yake. Matundu yakawa yanajaa. Tulipofika disketi yake ya mwisho, ile ya Kambi ya Tatu, mashine ilikoroma, ikakwama, ikauliza kama iache au ijaribu tena. Nikaiambia ijaribu. Ikakoroma. Nikaitoa, nikaitikisa, punje ya mchele ikadondoka kutoka kwenye kifuniko chake cha bati. Mzee Lugome aliitazama ile punje kama mtu aliyeona nyoka chumbani. Nikairudisha, nikaiambia ijaribu tena, na safari hii ikasoma, polepole, jina kwa jina. Tukachapa orodha nzima kwa printa ya watafiti.

Kamati ilikaa Ijumaa, chini ya turubai, mbele ya safu ya Kambi ya Tatu. Mwakilishi wa kampuni alizungumza kwa upole ule ule. Alisema karatasi zetu zimechapwa na mashine, hazina sahihi, na mtu yeyote anaweza kuchapa chochote. Niliona aibu, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Ningekuwa upande mwingine ningeliuliza mimi. Mwenyekiti wa kamati akataka fomu. Mwakilishi akasema zinahakikiwa. Mwenyekiti, mama mnene mwenye miwani, akasema basi tutapima. Atachukua jina moja kwenye karatasi zetu, bila kuchagua, na eneo lipimwe pale pale. Kipimo kikilingana, karatasi zote zinapokelewa. Kisipolingana, zote zinakataliwa. Akaweka kidole. Akasoma jina la Mama Sikudhani.

Tukaenda shambani kundi zima. Mzee Lugome alishika ncha ya futi kamba, akaambiwa aende mpaka mwisho wa mahindi. Kipimo nilikijua kwa kichwa, nilikiingiza mwenyewe, na nikaona anakipita. Anakipita na mahindi bado yanaendelea mbele yake, mabichi, yamebeba. Nikaelewa kilichotokea: tangu tulipopima, mvua zilikuwa nzuri, naye mama kaongeza mistari, kama mtu yeyote angeongeza. Mzee Lugome naye alijua. Aligeuza shingo akanitazama. Lakini alikuwa ameambiwa mpaka mwisho wa mahindi, na mwakilishi alikuwa amesimama kando akitabasamu.

“We mzee!” Mama Sikudhani alipaza sauti. “Unakwenda wapi na kamba?”

“Mwisho wa mahindi, mama.”

“Hayo mahindi yamefuata mvua. Kwangu panaishia pale ulipopima siku ile. Rudi nyuma.”

Mwenyekiti akavua miwani. “Una hakika, mama? Tukiitoa hii mistari ya mbele, imetoka. Hutairudia.”

Mama Sikudhani aliitazama ile mistari. 

“Rudi nyuma, nimesema.”

Mzee Lugome akarudi, hatua kwa hatua, akiikunja kamba, mpaka akasimama na kupaza kipimo. Mwenyekiti akavaa miwani, akashuka na kidole kwenye karatasi, akaandika kitu kifupi pembeni. “Inalingana,” akasema. Watu walianza kupiga vigelegele. Mama Sikudhani hakuwangoja. Alikuwa ameshaingia kwenye mistari aliyoitoa, anavunja mahindi mabichi haraka haraka na kuyatupia kwenye kanga yake.